Hii siyo semina, mwanangu: maswali yenu ya kongamano la teknolojia

Mwezi huu barua zote ni kongamano, kongamano. Naona tarehe zimekaribia na watu wameanza kuweweseka, kuna aliyeuliza kama anaruhusiwa kwenda na kanzu (ndio, kwani nani kakataza?), kuna aliyeuliza kama chakula kipo, na kuna dada kanitumia picha ya jozi 3 za viatu nimchagulie. Dada, vile vya bluu, visigino vifupi. Nimechukua barua 7, nimezifupisha, majina nimeyaficha kama mlivyoomba.

Ila kabla sijaanza kujibu, kuna kitu kimejirudia karibu kila barua. Sisi tumelelewa na semina bana. Semina unaitwa, unasaini, unapewa kalamu na kijitabu, unakula, unasikiliza, unasaini tena unarudi nyumbani. Kongamano la teknolojia hamna aliyekuita, umejipeleka mwenyewe kwa hela yako au ya bosi wako, kwaiyo ukifika pale ukakaa kwenye kiti ukisubiri kuhudumiwa utakaa mpaka jioni na wataanza kufagia wewe upo tu. Haya tuendelee.

Shikamoo shangazi. Nasoma mwaka wa tatu pale CoICT Kijitonyama (TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar), nimepata tiketi ya mwanafunzi ya kongamano la siku 3 JNICC, ule ukumbi wa mikutano wa Julius Nyerere. Sijawahi kwenda kitu kikubwa hivi. Mada ziko zaidi ya 60 na zingine ziko muda mmoja, sijui niingie wapi. Alafu mi ni mtu wa aibu, nikiwa na watu nisiowajua ulimi unaganda. Nivae nini, nibebe nini, nikifika nianzeje?
*Mwanachuo, Sinza*

Marahaba mwanangu. Ratiba isome leo usiku, usisubiri asubuhi ya siku yenyewe umening'inia kwenye mwendokasi. Chukua kalamu upige mstari mada ambazo zikikupita utaumia kweli, mbili kwa siku, tatu ukizidisha. Na ukubwa wa jina usikubabaishe, wakubwa wa ufunguzi watasema vitu utavikuta kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku na picha utaiona vizuri zaidi ukiwa kwenye kochi. Uhondo uko kule kwenye vyumba vidogo, mtu hana hata tai, anaeleza jinsi walivyohamisha mfumo mzima wa malipo usiku mmoja na wateja hawakujua, alafu akimaliza anasimama mlangoni anakunywa maji na hamna anayemsemesha. Huyo ndo wako.

Sasa hiyo aibu. Mi sikwambii jiamini, aibu haiponi kwa kuambiwa jiamini, mimi mwenyewe nina miaka hii na bado nikiingia ukumbini natafuta kwanza mlango wa choo ulipo. Kinachosaidia ni kwenda na swali mkononi. Chagua watu 3 kwenye ile orodha ya wasemaji, watatu tu, soma walichowahi kutengeneza, kila mmoja mwandalie swali moja ambalo yeye ndo anaweza kulijibu. Ukimwendea mtu ukamwambia "naomba ushauri kuhusu akili mnemba (AI)" unamtwisha mzigo, atakwambia soma kwa bidii basi mmeachana. Ila ukimwambia "nimeona mfumo wenu unapokea malipo hata mtandao ukikatika katikati, sasa mtu akibonyeza lipa mara mbili mnajuaje kwamba ni malipo yaleyale?" hapo hata kama alikuwa anaondoka anarudi. Mtu wa kazi akisikia swali la kazi anasahau kama we ni mwanachuo, atachukua na kitambaa cha mezani akuchoree.

Na wewe ukiulizwa nani, uwe na jibu. Jina, unachotengeneza, unachotafuta, basi. "Naitwa fulani, nasoma CoICT, nimetengeneza programu inayosoma risiti kwa kamera, natafuta sehemu ya kufanya fildi kuanzia mwezi wa saba." Jifungie chumbani useme kwa sauti mara 10, wenzako hostel wakicheka waache wacheke. Kitu kingine, usikae na darasa lako. Najua mtaenda kundi, mtakaa mstari mmoja, mtakula meza moja, mtapiga picha kwenye lile bango kubwa la mlangoni mkiwa 9, na mtarudi Kijitonyama mkiwa mnajuana nyinyi kwa nyinyi kama mlivyoondoka. Gawaneni asubuhi, mkutane jioni mpeane habari, hivo hata zile mada zinazogongana muda mnazipata zote.

Namba ukishachukua usihifadhi "Neema Kongamano". Baada ya mwezi utakuta una Kongamano 14 kwenye simu na hujui yupi ni yupi. Andika na mlichoongea, "Neema malipo ya nje ya mtandao", na usiku uleule mtumie meseji fupi umkumbushe. Usiku uleule nimesema, keshokutwa ameshakutana na watu wengine 40 na wewe umeshakuwa "yule kijana mwenye shati".

Mavazi, shati safi na suruali inatosha, suti utakuwa unailinda tu siku nzima. Viatu viwe ulivyozoea, usiende na vipya ulivyonunua Kariakoo jana yake, utatembea sana na ikifika saa nane utakuwa unachechemea. Beba kikoti chepesi maana kumbi kubwa za hapa mjini kiyoyozi chake utadhani wanahifadhi samaki, na wakati huohuo kutoka Sinza mpaka Posta jua limeshakulowesha, kwaiyo jasho likikutana na ile baridi ni mafua ya uhakika. Mi nabebaga fulana ya kuvaa ndani nibadilishe chooni. Wengi wanafanya hivo ila hawasemi.

JNICC iko mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Makumbusho ya Taifa na IFM, ukishuka mwendokasi Posta ya Zamani unatembea. Siku ya kwanza wahi, foleni ya beji na ya ukaguzi ndo inaua watu. Na sikiliza habari jioni yake, kukiwa na wageni wakubwa barabara zinafungwa. Mnakumbuka Januari 2025 marais wa Afrika walipokuja pale kwenye mkutano wa nishati, mpaka watumishi wa umma wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani.

Habari yako dada. Nina programu ya simu ya kutunza mahesabu ya vikoba, tumepewa banda dogo kwenye kongamano siku 2. Tuko wawili, mimi na kijana wangu anayeiandika programu yenyewe. Nataka watu waione inavyofanya kazi laivu na data za kikoba chetu wenyewe ili waamini. Waandaaji wamesema waifai ipo. Kuna kitu nasahau?
*Mama mjasiriamali, Tegeta*

Nzuri mama, na hongera sana kwa hilo banda, najua mlivyosota. Naanza na neno moja ulilosema limenishtua, data za kikoba chetu wenyewe. Usithubutu. Yani mama fulani wa Boko anadaiwa rejesho la miezi 3 alafu jina lake liko kwenye skrini ya inchi 40 mbele ya jiji zima? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake ambayo anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwao. Na usishangae mwekezaji akija bandani kwako swali lake la pili likawa hilohilo, mmejisajili? Kama bado, hiyo kazi ianze kabla ya kuchapisha mabango. Kwa ajili ya maonyesho tengeneza kikoba cha uongo, wanachama 12, majina ya kubuni, na wengine wawe wamechelewesha marejesho ili mtu aone programu inavyowakumbusha. Ukiweka wote wamelipa vizuri hamna atakayeamini, vikoba tunavijua.

Pili waifai. Waifai ipo, sawa, hata mimi nilishaambiwa waifai ipo. Nilisimama mbele ya watu kama 200 kwenye ukumbi mmoja hapahapa mjini, nikabonyeza, kile kiduara kikaanza kuzunguka, nikatania kidogo, kikaendelea kuzunguka, nikaelezea historia ya maisha yangu, kikaendelea tu. Dakika 6. Mpaka leo nikiona kiduara tumbo linauma.

Sababu siyo kwamba waandaaji ni waongo. Waifai ya masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndo simu nyingi za bei ya chini zinatumia, ina njia 3 tu zisizoingiliana. Ni kama daladala ya Mbagala jioni yenye milango 3, watu elfu 2 wanataka kuingia kwa mkupuo. Na kila mwenye banda akiona waifai nzito anawasha hotispoti ya simu yake, ambayo inatumia njia zilezile, kwaiyo kila anayejiokoa anazidi kuwazamisha wenzake na yeye mwenyewe. Nyinyi simu iunganisheni na laptopu kwa waya wa USB, intaneti ipite kwenye waya, msirushe hewani. Laini ziwe 2 za mitandao tofauti maana mnara mmoja ukilemewa mwingine unaweza kuwa na nafuu. Na juu ya yote hayo rekodini video ya dakika 2 inayoonyesha programu ikifanya kazi mwanzo mpaka mwisho, ikae ndani ya laptopu yenyewe, siyo YouTube wala Google Drive. Kijana wako akiweza kufanya programu ifanye kazi bila intaneti kabisa siku hiyo, mnunulie soda.

Eksitensheni beba yako, ndefu, mita 5, na uiandike jina kwa maka pen. Bandani soketi inakuwa moja na iko nyuma ya jirani. Waya wa HDMI beba, na kile kiunganishi cha VGA kibebe hata kama kijana anacheka kwamba hiyo ni mambo ya zamani, bado kuna projekta mjini hapa haijui kingine.

Mko wawili, vizuri, ila mmoja atataka kula na mwingine atataka choo kwa wakati mmoja, tafuta mtu wa tatu hata binti wa dada yako, akae pale ajue kusema sentensi 3 na kuandika namba za watu. Bango liwe la Kiswahili na liseme kazi ya kitu, siyo sifa. "Hesabu za kikoba bila daftari" mtu anasoma akiwa anapita. Lile la "suluhisho bunifu la kidijitali kwa ujumuishi wa kifedha" atapita, atafika mpaka banda la kahawa hajamaliza kulisoma.

Na weka daftari la wageni lenye sehemu mtu anatiki kama amekubali kupigiwa simu. Ni sheria ileile.

Mimi ni mtumishi wa halmashauri, kitengo cha TEHAMA. Nataka kujua utaratibu wa posho kwa washiriki ukoje na kama cheti kitatolewa.
*Mtumishi, Kibaha*

Posho muulize mwajiri wako aliyekutuma, mwenye kongamano yeye anakudai wewe kiingilio. Cheti sijui utakipeleka wapi ndugu yangu. Ila nakupa kitu kitakachokufaa kuliko cheti, kabla hujaondoka Kibaha zunguka ofisini uwaulize wahasibu na watu wa ardhi ni mfumo gani unawatesa, andika matatizo 5 kwenye karatasi, alafu tembea nayo mabandani uwaulize wauzaji moja baada ya jingine "hili mnalitatuaje?" Watakuganda wewe kuliko waziri. Wanatafuta sana mtu wa halmashauri anayejua tatizo lake.

Shangazi nimepata imeili kutoka Ulaya, nimealikwa kama mjumbe kwenye kongamano kubwa la kimataifa la akili mnemba, wanasema hoteli na tiketi ya ndege watalipa wao, mimi nilipie tu gharama za kushughulikia viza, euro 350, na wamenipa namba ya hapahapa Tanzania ya kutuma. Barua ina mhuri. Rafiki yangu anasema ni mchongo wa ukweli. Nimeshakopa nusu.
*Kijana, Mbagala*

Rudisha hiyo nusu leo. Leo leo.

Mdogo wangu, hii ni ileile "ile hela tuma kwenye namba hii", imevaa tai tu. Angalia ilivyokaa. Walikupataje? Hukuomba, hukutuma andiko, hukujaza fomu, alafu mtu wa Ulaya aamke asubuhi akukumbuke wewe wa Mbagala, akulipie ndege, ila ashindwe euro 350? Na hiyo namba ya hapa nchini, ukijaribu kutuma litatokea jina la mtu binafsi, siyo la taasisi. Mhuri hata mimi nikienda Kariakoo asubuhi mchana ninao.

Ngoja nikueleze za ukweli zinavyokuwa ili usichukie makongamano yote. Za ukweli wewe ndo unaanza, unaenda kwenye tovuti yao unajisajili, au unatuma andiko au wazo la kuzungumza, wanakujibu umekubaliwa au la. Zenye ufadhili zipo, wenye Deep Learning Indaba kwa mfano, hilo kongamano la akili mnemba la Waafrika wenyewe, lilianza 2017 Johannesburg na linahamahama nchi, Nairobi 2019, Accra 2023, Dakar 2024, Kigali 2025. Pale unaomba, unaeleza unasoma nini, wanachuja. Na kuna jingine Brussels linaitwa FOSDEM, la watu wa programu huria, kila mwaka mwanzoni mwanzoni maelfu wanaenda, na kiingilio hakuna, hata kujisajili hakuna, unaingia tu. Kwaiyo hata ukubwa wa kongamano siyo sababu ya kutoa hela.

Viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, haishughulikiwi na mwenye kongamano, barua yake ni karatasi moja tu kati ya nyingi. Unaomba wewe mwenyewe, unapeleka alama za vidole wewe mwenyewe, ombi lisipungue siku 15 kabla ya safari na unaweza kuanza hata miezi 6 kabla, unatakiwa bima ya safari ya kuanzia euro 30,000, na ada kwa mtu mzima tangu Juni 2024 ni euro 90 ambayo unalipa kule unakowasilisha ombi. Atakayekuhakikishia viza kwa kutumiwa hela kwenye simu anakuhakikishia umaskini. Na hao wa meseji za kawaida za utapeli, namba zao zitume 15040, bure.

Rafiki yako naye muulize vizuri huo ukweli kautoa wapi.

Za kazi dada. Kampuni inatupeleka Kigali kwenye kongamano la watu wa simu. Ni mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka. Niambie vitu vidogovidogo ambavyo hamna anayetuambia.
*Fundi mitambo, Ubungo*

Nzuri kaka. Hilo la watu wa simu, MWC (Mobile World Congress), limekuwa likifanyika pale Kigali Convention Centre, lile jengo la kuba linalowaka rangi usiku, tangu 2022, kaka yake mkubwa yuko Barcelona. Viza huombi, we ni mtu wa Afrika Mashariki, ila pasipoti beba, siyo kitambulisho cha NIDA, usije ukadanganywa na habari za Wakenya na Waganda wanaopita na vitambulisho.

Saa. Kigali wako nyuma yetu saa moja. Simu itajibadilisha yenyewe, saa ya mkononi haijibadilishi. Ukiisahau unawahi saa nzima kwenye kila kitu, siyo mbaya, foleni inakuwa haipo. Balaa liko kwenye kikao cha mtandaoni na ofisi, bosi akisema saa nane yeye yuko Ubungo, kwako ni saa saba na uko katikati ya kula. Na ratiba ikisema 9:00 ni saa tatu asubuhi, nacheka lakini nimeona mtu mzima na digrii zake akikosa mada yake mwenyewe kwa sababu alisoma saa tisa.

Soketi zao ni za pini mbili za duara, chaja yetu ya pini tatu bapa haiingii, nunua adapta hapahapa Kariakoo kabla hujaondoka. Pawabenki ingia nayo ndani ya ndege, usiiweke kwenye begi la kupakiwa, wataitoa. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, hesabu yake chukua mAh zilizoandikwa juu yake gawa kwa 1000 zidisha 3.7, kwaiyo ile ya 20,000 ni 74, uko salama, zile za 50,000 wanazouza barabarani kama kweli ni 50,000 zinazidi (kwa kawaida siyo kweli, lakini mkaguzi anasoma kilichoandikwa).

Kule magari yanapita kulia. Ukivuka barabara angalia kushoto kwanza, kichwa chako cha Ubungo kitagoma. Bodaboda wao abiria anavaa helmeti, siyo mjadala. Mifuko ya plastiki wameipiga marufuku tangu 2008, sisi tumefuata 2019, kwaiyo yale maviatu uliyofungia kwenye rambo yaweke kwenye kitambaa. Kadi ya homa ya manjano beba, na mtu akikwambia imeisha miaka 10 mjibu kwa upole kwamba tangu Julai 2016 ni ya maisha.

Dada, mimi ni injinia wa programu, mwanamke. Kila kongamano nikigawa namba, meseji zinazorudi ni "mambo mrembo" na "uko wapi saivi". Na bandani wakija wateja wanamuuliza maswali ya kiufundi yule kaka wa mauzo aliyesimama pembeni yangu. Nimechoka, mwaka huu nafikiria nisiende.
*Injinia, Mikocheni*

Nenda. Pole lakini nenda. Sikwambii hivi ili uwe shujaa, nakwambia kwa sababu usipokuwepo yule kaka wa mauzo ataendelea kujibu vitu asivyovijua na wateja wataamini.

Namba yako binafsi usiigawe. Sajili laini nyingine kwa kidole chako kama kawaida, iweke WhatsApp Business, jina la akaunti liwe kazi yako, picha iwe nembo au skrini ya unachotengeneza, na weka ujumbe wa kujibu wenyewe "asante, tafadhali eleza unahitaji huduma gani". Hiyo peke yake inachuja robo tatu. LinkedIn nayo inasaidia maana jina lake na kampuni yake vinaonekana, mtu anakuwa na adabu akijua bosi wake anaonekana.

Bandani ongea na kaka wa mauzo mapema, kabla mlango haujafunguliwa. Akiulizwa swali la kiufundi ajibu neno moja, "mwenye mfumo huyu hapa", na arudi nyuma hatua moja, kimwili kabisa arudi nyuma, miguu ya mteja itamfuata wewe. Beji yako iandikwe Mhandisi Mkuu kama ndo ulivyo, kwa herufi kubwa, usione haya. Na kongamano lolote la maana lina kanuni za mwenendo, isome ujue malalamiko yanapelekwa kwa nani, hifadhi hiyo namba kabla. Atakayekushika mkono asiuachie, huyo usimtafutie lugha laini.

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, Temeke. Mjukuu amenisajili kwenye hilo kongamano la JNICC, kiingilio cha siku moja. Sina laptopu, naandika kwenye daftari. Simu yangu ni ya tochi. Wanasema tiketi ni vile viboksi vyeusi na vyeupe. Nitaonekana kituko?
*Mwalimu, Temeke*

Shikamoo mwalimu. Kituko tuko sisi tunaopiga picha kila slaidi alafu hatuzifungui tena mpaka simu inajaa.

Vile viboksi vinaitwa QR kodi, mwambie mjukuu avichapishe kwenye karatasi, stationari yoyote, karatasi moja, usiikunje katikati ya viboksi, pale mlangoni wanaimulika na wanakupa beji. Hawaangalii kama iko kwenye simu au kwenye karatasi, na foleni ikiwa ndefu utaona wenye simu wanahangaika chaji imekata wewe umepita. Beba kitambulisho. Miwani ya kuonea mbali ndo usiisahau, maandishi ya slaidi za vijana wetu ni madogo utadhani ni masharti ya mkopo.

Chagua mada ya akili mnemba, mwalimu, usiogope jina. Chini yake kule ni hesabu ulizotufundisha, matriki, probabiliti na mteremko wa grafu, wengi watakaokaa na wewe hawalijui hilo. Wakifungua maswali nyoosha mkono. Uliza ile hesabu inafanyikaje, uliza kama ulivyokuwa unatuuliza ubaoni, na ukijibiwa kwa maneno makubwa sema "sijaelewa, rudia".

Mi ntakuwepo siku ya pili, nakaa mstari wa nyuma karibu na mlango wa pembeni kwa sababu huko ndo huwa kuna soketi. Ukiona mama ana eksitensheni ya mita 5 imeandikwa jina kwa maka pen, ni mimi, njoo nikuamkie vizuri.